Kelele na Mwiba: Historia ya Kulinda Mguu wa Riseti wa Mikrokontrola na Swali la Istilahi Zake kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia njia ambazo wahandisi wamezitumia, kuanzia miaka ya 1930 hadi zama za bodi za kujifunzia, ili kuzuia mapigo mafupi ya umeme yasiilazimishe mikrokontrola kuanza upya bila sababu. Hoja yake ni kwamba chini ya neno moja, "kelele", kuna mikondo miwili ya historia: kelele inayovuma daima, ambayo hupimwa kwa wastani, na mwiba unaochoma mara moja, ambao hupimwa kwa kimo na kwa muda wake. Kwa kuwa mafunzo ya elektroniki kwa Kiswahili huelekea kutumia neno moja kwa yote mawili, fundi anayefunzwa kwa lugha hii anaweza kuichukua dawa ya ugonjwa mmoja akautibu mwingine. Makala yanapendekeza istilahi mbili tofauti na kujadili ugumu wa kutafsiri ahadi za watengenezaji wa chipu.

1.0 Utangulizi

Mikrokontrola ni kompyuta nzima ndani ya chipu moja: kichakataji, kumbukumbu na milango ya kuingizia na kutolea taarifa. Miongoni mwa miguu yake, upo mmoja ambao haupokei taarifa bali amri. Huo ni mguu wa riseti. Katika chipu nyingi za leo, mguu huo hushikiliwa juu na rezista iliyofungwa kwenye umeme wa kulisha. Ukivutwa chini hadi karibu na volti sifuri, kazi yote husimama, na unapoachiliwa programu huanza tena kutoka agizo lake la kwanza. Amri hii haina rufaa. Programu haiwezi kuikataa wala kuuliza imetoka kwa nani.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Mguu wa riseti hautambui kidole cha fundi kilichobonyeza kitufe na hautambui msukosuko uliorushwa na koili ya rilei iliyozimwa sentimita chache pembeni. Vyote viwili huufikia vikiwa volti. Kama msukosuko una kimo cha kutosha na unadumu muda wa kutosha, mashine itatii. Mtumiaji ataona taa zikizimika na kuwaka, au hesabu ikirudi mwanzo, naye atasema mashine imeingiwa na pepo.

Suala hili si dogo kwa ukanda wa Maziwa Makuu. Mita za umeme wa kulipia kabla, zile ambazo Tanzania huitwa LUKU, hufanya kazi kwa mikrokontrola. Vivyo hivyo vidhibiti vya chaji vya paneli za sola na vifaa vingi vya hospitali. Mashine hizi zimewekwa katika eneo ambalo anga yake ina umeme mwingi kuliko karibu kila mahali duniani. Uchambuzi wa data za setelaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliitaja Kabare, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuwa ya kwanza barani Afrika kwa wingi wa radi na ya pili duniani baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Radi haihitaji kuipiga nyumba ili isumbue mita iliyomo ndani. Inatosha ipige karibu na nyaya.

2.0 Kelele kabla ya mikrokontrola

Neno "kelele" liliingia katika uhandisi wa umeme kupitia sikio. Mwaka 1918 Walter Schottky, mwanafizikia Mjerumani, alieleza kwamba mkondo unaopita katika valvu ya redio hauwezi kuwa laini kabisa, kwa kuwa umeme hupita kwa chembe mojamoja. Miaka kumi baadaye, mwaka 1928, John B. Johnson na Harry Nyquist nchini Marekani walichapisha, mmoja vipimo na mwingine nadharia, wakionyesha kwamba rezista yoyote yenye joto hutoa mtikisiko wa volti hata ikiwa haijaunganishwa na betri. Mitikisiko hii ilipokuzwa na kupelekwa kwenye kipaza sauti, ilisikika ikivuma kama mvua juu ya mabati. Waliipa jina la kile walichokisikia.

Kelele ya namna hii ina sifa mbili za kuzingatiwa. Kwanza, haikomi. Pili, ingawa hakuna anayeweza kutabiri thamani yake ya dakika fulani, wastani wake unajulikana kwa hesabu. Rezista ya kiloomu 10, katika joto la kawaida la chumba na upana wa masafa wa kilohezi 10, hutoa takriban maikrovolti 1.3. Kiasi hicho kilimsumbua mhandisi wa simu aliyetaka kusikia sauti dhaifu kutoka mbali. Kwa mguu wa riseti unaotikiswa kwa volti nzima, si kitu. Kelele ya Johnson haijawahi, na haitawahi, kuiamuru mikrokontrola ianze upya.

Mkondo wa pili wa historia haukuanzia kwenye simu bali kwenye neva za ngisi. Mwaka 1934 Otto Schmitt, akiwa bado mwanafunzi wa uzamili na uzamivu katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, alikuwa akichunguza jinsi neva inavyoamua kupeleka au kutopeleka ishara. Kutokana na kazi hiyo alibuni saketi ya valvu yenye tabia kama hiyo, akaichapisha mwaka 1938. Saketi ya kawaida ya kuamua ina kizingiti kimoja: volti ikiwa juu yake jibu ni ndiyo, ikiwa chini jibu ni hapana. Kasoro yake huonekana volti inapopanda polepole na kutetereka palepale kizingitini, jibu hurukaruka. Schmitt aliweka vizingiti viwili, cha kupandia na cha kushukia, na kati yake nafasi ambamo saketi hushikilia jibu lake la mwisho. Anayeingia ndani ya nyumba hii huvuka kizingiti kirefu, na hatoki mpaka ashuke chini ya kingine kilicho kifupi zaidi.

Uvumbuzi huo bado unaitwa kwa jina lake, na umo ndani ya miguu mingi ya riseti inayotengenezwa leo. Hata hivyo hauna habari ya muda. Saketi ya Schmitt hupuuza mtetemo mdogo wa kimo; pigo refu la kimo kamili, hata likiwa la nanosekunde chache, huvuka vizingiti vyote viwili na kupokelewa. Kimo peke yake hakitoshi kuuhukumu mwiba.

3.0 Riseti angani, 1969

Kabla ya mikrokontrola kuwapo, swali la kuanza upya bila kukusudia lilijitokeza mbele ya macho ya dunia. Kompyuta ya kuongozea vyombo vya Apollo, iliyobuniwa katika Instrumentation Laboratory ya MIT, ilitengenezwa kwa dhana kwamba itaanza upya njiani. Programu zake ziliandikwa ili kila kazi muhimu iache alama ya pale ilipofikia. Kompyuta ikianza tena, iendelee kutoka alama hiyo badala ya kurudi mwanzo. Tarehe 20 Julai 1969, Apollo 11 ilipokuwa ikishuka kuelekea Mwezini, kompyuta ilizidiwa na kazi, ikatoa tahadhari namba 1202 na 1201, ikaanza upya mara kadhaa huku ikiacha kazi za daraja la chini. Wanaanga walitua.

Huko riseti ilikuwa tiba. Miezi minne baadaye ilikuja kama athari ya umeme. Tarehe 14 Novemba 1969 Apollo 12 iliruka kutoka Florida katika mvua, ikapigwa na radi sekunde 36.5 baada ya kuruka na tena katika sekunde ya 52. Seli za kuzalishia umeme zilijitenga na nyaya za chombo, jukwaa la kupimia mwelekeo likapoteza mpangilio wake, na kompyuta ya chombo ikapatwa na misukosuko ya umeme. Kumbukumbu yake ya sumaku haikufutika. Kompyuta nyingine, iliyokuwa ndani ya roketi yenyewe, iliendelea kuongoza safari, na wahudumu walipata nafasi ya kurudisha mambo sawa.

Mtu anayesoma historia hii kwa haraka huweza kudhani kwamba jibu la wahandisi wa Apollo lilikuwa kichujio bora. Sivyo. Jibu lao lilikuwa kukubali kwamba baadhi ya miiba itapita, na kuhakikisha kwamba mashine itakayoanza upya itakumbuka ilikokuwa. Mita ya umeme iliyotengenezwa vizuri hufuata fikra hiyohiyo: ikizimika na kuwaka, uniti za mteja hubaki. Lakini njia hiyo ilihitaji kumbukumbu ya gharama na programu iliyoandikwa kwa uangalifu mkubwa, na chipu za bei nafuu zilizofuata hazikuwa na anasa hiyo.

4.0 Kapasita moja na rezista moja

Texas Instruments iliuza mikrokontrola yake ya TMS1000 kuanzia mwaka 1974. Intel ikafuata na 8048 mwaka 1976 na 8051 mwaka 1980. Hii ya mwisho ndiyo inayofaa kuchunguzwa kwa karibu, kwa kuwa imefundishwa vyuoni kwa miongo mingi na saketi yake ya riseti imenakiliwa katika madaftari yasiyohesabika.

Mguu wa riseti wa 8051 hufanya kazi kinyume na ilivyo kawaida leo: chipu huanza upya mguu ukiwa juu. Ndani yake kuna saketi ya Schmitt. Amri hukamilika mguu ukikaa juu kwa muda wa mizunguko miwili ya mashine, yaani midundo 24 ya saa; kwa saa ya megahezi 12, huo ni muda wa maikrosekunde 2. Ili chipu ianze vizuri umeme unapowashwa, Intel ilishauri kapasita ya maikrofaradi 10 kati ya umeme wa kulisha na mguu wa riseti, na rezista ya kiloomu 8.2 kutoka mguu huo kwenda ardhini. Umeme ukiwashwa, kapasita ikiwa tupu huuinua mguu juu, kisha hujaa taratibu na kuuachia ushuke. Zao la thamani hizo mbili ni milisekunde 82, muda wa kutosha saa ya kioo kutulia.

Saketi hii ni rahisi, nafuu, na kwa kazi iliyokusudiwa ni nzuri. Kosa lilikuwa la waliodhani kwamba, kwa kuwa ina kapasita na rezista, basi ni kichujio. Ukweli ni kinyume chake. Kapasita hupitisha mabadiliko ya haraka na kuzuia ya polepole. Iliyofungwa kati ya umeme wa kulisha na mguu wa riseti, huufungulia mlango kila msukosuko wa ghafla uliomo kwenye umeme huo. Vitu vilevile viwili, vikibadilishana nafasi katika chipu ambayo riseti yake ni ya chini, huwa kichujio cha kweli: rezista inakwenda juu, kapasita inakwenda ardhini, na msukosuko wa haraka humezwa na kapasita kabla ya kuufikia mguu. Mahali ndipo panapoamua maana, kama ilivyo kwa neno katika sentensi.

Katika mpangilio huu wa pili thamani zilizozoeleka ni kiloomu 10 na nanofaradi 100, ambazo zao lake ni milisekunde 1. Mwiba wa volti 5 unaodumu nanosekunde 50, ukilazimika kupitia rezista hiyo, utaisogeza kapasita kwa takriban robo ya milivolti tu. Hesabu hii inafurahisha ubaoni. Katika bodi halisi mwiba haukubali kupitia mlango ulioandaliwa. Huingia kwenye ukanda wa shaba ulio kati ya kapasita na mguu, kwa kuwa ukanda huo ni antena. Kila sentimita ya ukanda mwembamba ina takriban nanohenri 10 za kukataa mabadiliko ya haraka, kwa hiyo kapasita iliyowekwa sentimita kumi kutoka kwenye mguu haiusaidii mguu huo wakati wa mwiba wa nanosekunde chache. Iko mbali mno, kama zimamoto wa mji mwingine. Ndiyo maana maelekezo ya watengenezaji husisitiza kapasita iwe jirani kabisa na chipu, na ardhi yake iwe ardhi ileile ya chipu.

Saketi ya kapasita na rezista ina udhaifu mwingine, nao ndio uliowapa kazi watengenezaji wa chipu za uangalizi katika miaka ya 1980. Umeme ukikatika kwa sehemu ndogo ya sekunde na kurudi, kapasita haipati muda wa kumwaga chaji yake. Umeme unaporudi, mguu hauoni badiliko lolote, na mikrokontrola iliyochanganyikiwa na volti pungufu huendelea kutekeleza upuuzi bila kuanzishwa upya. Kadiri kapasita inavyoongezwa ukubwa ili izuie miiba mirefu zaidi, ndivyo udhaifu huu unavyozidi. Mafundi walijifunza kuongeza dayodi sambamba na rezista ili kapasita imwagike haraka umeme unaposhuka. Chipu za uangalizi zilikwenda mbali zaidi: huupima umeme wa kulisha kwa kipimo sahihi, huushikilia mguu wa riseti kwa muda maalumu baada ya umeme kutengemaa, na hupuuza upungufu mfupi mno. MAX809 ya kampuni ya Maxim, yenye miguu mitatu tu, hushikilia riseti kwa muda usiopungua milisekunde 140.

Si kila amri ya uongo ilitoka kwenye umeme. Kompyuta ya Apple II ya mwaka 1977 ilikuwa na kitufe cha riseti jirani kabisa na kile cha kumalizia mstari, na watumiaji walipoteza kazi zao kwa kidole kilichoteleza. Katika matoleo ya baadaye ilibidi vibonyezwe vitufe viwili kwa pamoja. Hicho nacho ni kichujio, ingawa hakina kapasita: kinadai ushahidi wa pili kabla ya kutii.

5.0 Kichujio kinahamia ndani ya chipu

Kadiri silikoni ilivyopungua bei, watengenezaji walianza kuweka kichujio ndani. Kampuni ya Microchip ilieleza katika familia ya PIC16F87XA kwamba njia ya riseti ina kichujio kinachogundua na kupuuza mapigo madogo. STMicroelectronics ilikuwa wazi zaidi. Katika karatasi za maelezo za STM32F103 imeweka namba mbili: pigo lisilozidi nanosekunde 100 litachujwa, pigo la nanosekunde 300 au zaidi halitachujwa. Kati ya 100 na 300 hakuna ahadi.

Namba hizo zinapaswa kusomwa sambamba na viwango vya upimaji. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61000-4-4, kilichotokana na IEC 801-4 ya mwaka 1988, huiga misukosuko inayotokana na swichi na rilei kwa mapigo yanayopanda ndani ya nanosekunde 5 na kudumu takriban nanosekunde 50, yakija kwa mafungu. Nanosekunde 50 ni nusu ya 100, na kwa hesabu hiyo chipu ingekuwa salama bila msaada. Lakini pigo linaloingia kwenye bodi si lazima lifike kwenye mguu likiwa na umbo lilelile. Nyaya na kapasita zilizopo hulirefusha na kulifanya livume kama kengele iliyogongwa. Mtengenezaji huyohuyo, licha ya kichujio chake cha ndani, bado hupendekeza kapasita ya nanofaradi 100 nje ya chipu.

Kuanzia hapa swali la kichujio linaacha kuwa la umeme mtupu na kuwa la hukumu. Nanosekunde 100 hazikuandikwa na maumbile kuwa mpaka wa uongo na ukweli. Ni uamuzi wa watu kwamba hakuna mtu wala kifaa halali kitakachotoa amri fupi kiasi hicho, na kwamba misukosuko mingi ni mifupi kuliko hapo.

6.0 Pale mwiba unapokuwa amri

Uamuzi huo ulipata mtihani wake katika Arduino, bodi iliyozaliwa mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005, na ambayo wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki hukutana nayo kabla ya mikrokontrola nyingine yoyote. Ili mwanafunzi asilazimike kubonyeza kitufe kila anapopakia programu, wabunifu wake waliunganisha waya mmoja wa mawasiliano kutoka kompyuta hadi kwenye mguu wa riseti kupitia kapasita ya nanofaradi 100. Kompyuta ikifungua mawasiliano, waya huo hushuka, na kapasita hupitisha mshuko huo kama pigo fupi. Chipu huanza upya na kupokea programu.

Kilichofanyika hapo ni kutengeneza mwiba kwa makusudi na kuupa cheo cha amri. Fundi makini akija na mafunzo ya kawaida na kuongeza kapasita ya kuchuja ya nanofaradi 100 kati ya mguu na ardhi, kapasita mbili zilizo sawa zitagawana mshuko wa volti 5, na mguu utashuka hadi volti 2.5 tu. Karatasi za maelezo za ATmega328P huweka kizingiti cha riseti mahali fulani kati ya asilimia 20 na 90 ya umeme wa kulisha, yaani kati ya volti 1 na 4.5. Volti 2.5 ziko katikati ya shaka: bodi moja itapakia programu, dada yake itakataa. Wenye uzoefu huutumia ukweli huo kinyume, kwa kuweka kapasita ya maikrofaradi 10 pale wanapotaka bodi isianze upya.

Mguu huohuo ulibebeshwa na kazi nyingine. Chipu za familia hiyo hupokea volti 12 kwenye riseti kama ishara ya kuingia katika hali maalumu ya kuandikiwa programu. Kwa sababu hiyo mguu wa riseti haukuwekewa dayodi ya ndani ya kuzuia volti zinazopita umeme wa kulisha, ambayo miguu mingine inayo. Waya wa mawasiliano unapopanda tena, kapasita huusukuma mguu juu ya volti 5 kuelekea 10. Bodi za baadaye ziliongezewa dayodi nje ili kuukata msukumo huo. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa mguu mmoja uliopewa mabwana watatu: kitufe, kompyuta na kiandikio.

7.0 Istilahi

Historia hii ina uzito kwa wanaounda istilahi. Neno "kelele" kwa msemaji wa Kiswahili lina maana ya sauti nyingi zinazochanganyika na kuendelea. Soko lina kelele, darasa lina kelele. Linaafiki vizuri mtikisiko wa Schottky, Johnson na Nyquist. Linauvaa vibaya msukosuko mmoja wa rilei. Anayeambiwa kwamba mguu wa riseti "una kelele" atafikiri juu ya kitu kinachopunguzwa kwa wastani, na ataongeza ukubwa wa kapasita hadi bodi ishindwe kuanza umeme unaporudi. Kiingereza nacho hutumia neno moja kwa upana huo, lakini mhandisi wa Kiingereza ana maneno mengine kadhaa ya kumrekebisha. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyepewa "kelele" peke yake hana la kumrekebisha.

Neno "mwiba" linafaa zaidi kwa pigo moja, kali na fupi. Lina umbo lionekanalo kwenye skrini ya kifaa cha kupimia, lina maana ya kuchoma mara moja, na linajibeba kisarufi: mwiba wa umeme, miiba ya kulisha, kuzuia miiba. "Mshtuko" limekwisha kuchukuliwa na umeme unaompiga mtu, na kuliongezea mzigo huu kungeleta hatari yake yenyewe. Kwa mguu, "riseti" imekwisha kukaa midomoni mwa mafundi na haina sababu ya kung'olewa. "Weka upya" ya menyu za simu hutaja tendo la mtumiaji anayekusudia, ilhali riseti inayozungumziwa hapa mara nyingi haikukusudiwa na yeyote. "Kizingiti" ni neno lililokuwa likiisubiri saketi ya Schmitt.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI mwaka 1990, wakati 8051 ikiwa na umri wa miaka kumi, na majadiliano ya istilahi tangu hapo yamejikita zaidi kwenye nomino. Ugumu mkubwa zaidi umo katika vitenzi vya ahadi. Karatasi za ATmega328P hueleza kwamba pigo refu kuliko kipimo cha chini, ambacho hakizidi maikrosekunde 2.5, litazalisha riseti hata kama saa ya chipu haiendi. Kuhusu mapigo mafupi zaidi, hayana uhakika wa kuizalisha. Tafsiri nyepesi ya maneno hayo ni "mapigo mafupi hayatazalisha riseti". Tafsiri iliyo sahihi ni "mapigo mafupi hayahakikishiwi kuzalisha riseti". Ya kwanza inasema kichujio kipo. Ya pili haisemi hivyo hata kidogo: pigo fupi linaweza kupuuzwa na linaweza kutiiwa, na mtengenezaji hajafunga mkono wake upande wowote. Fundi aliyepewa sentensi ya kwanza ataiacha kapasita dukani.

Kiswahili kina uwezo wa kuibeba tofauti hiyo kwa umbali wa kikanushi kutoka kwenye kitenzi chake. "Haihakikishwi kuanza" na "inahakikishwa kutoanza" zinatenganishwa na silabi chache tu. Kwa ule ukanda wa STM32 ulio kati ya nanosekunde 100 na 300, ambako ahadi zote mbili hunyamaza, bado hakuna jina lililozoeleka. "Ukanda wa shaka" ungeeleweka bodi inapotazamwa na fundi. "Ukanda usioahidiwa" uko karibu zaidi na kile karatasi inachosema, kwa sababu shaka ni ya msomaji, na kutoahidi ni kwa mtengenezaji.